Siku Tuliyosubiri Maji ya Kivu Yatoke

Mwezi uliopita binamu yangu Saumu alinitumia picha kwa simu kutoka Kigombe, kijiji cha wavuvi katika pwani ya Tanga, ambako nilizaliwa. Ilikuwa picha ya mdudu mwekundu, mpana kuliko kiganja cha mtu mzima, ametanda ndani ya dimbwi la maji ya chumvi kati ya mawe. Chini yake Saumu aliandika, "Unamkumbuka? Bado wapo." Sikumjibu kwa siku mbili. Siyo kwamba nilibanwa na kazi. Nilikuwa natafuta namna ya kumjibu bila kumweleza habari za Gisenyi, kule Rwanda, na siku ya tatu nikamwandikia tu kwamba ni mzuri.

Ni mzuri kweli. Ila mimi nikimwona nasikia aibu kwanza, uzuri wake unakuja baadaye.

Kwa wasiomjua, ni koa, yaani konokono asiye na nyumba, ila huyu ni wa baharini. Koa wa bustanini ana rangi ya tope na hakuna anayempenda. Huyu ni mwekundu wa kuiva, na ukingo wa mwili wake wote ni mwembamba, umejikunjakunja, na kwa pembeni una weupe. Akitulia anaukunja ukingo ule mgongoni, na unaweza kumpita ukadhani ni kipande cha ini kimedondoka. Akishtuliwa anaukunjua, anajiachia majini, anaogelea kwa kujikunja na kujikunjua. Sisi watoto tulimpa jina la Leso, maana leso ya mwanamke ikisuuzwa baharini inafanya vile vile. Mayai yake huyataga katika utepe mwekundu anaouviringisha juu ya mwamba, na ukiuona mara ya kwanza utasema kuna mtu ametupa ua la harusi. Ukimtoa majini anasinyaa, anakuwa tonge. Haumi mtu, na samaki hawamli. Bibi yangu mzaa mama alituambia nasi tusithubutu kumla, kwa sababu samaki wanaijua bahari kuliko sisi.

Anaishi chini ya mawe, kwenye miamba ya matumbawe ambayo muda mwingi imefunikwa na maji, na ndiyo maana kumwona kunataka hesabu. Maji ya bahari hupwa kila siku, mara mbili, lakini hupwa hasa siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiwa ndiyo kwanza unaandama. Kwetu maji ya bamvua huwa chini kabisa kama saa nne asubuhi. Bibi alihesabu siku za mwezi kwa vidole, na siku ikifika wanawake wa Kigombe walishika vijiti vyao vya kuchokolea pweza, wakajitwika vikapu, wakatembea juu ya kile kilichokuwa bahari saa chache kabla, wakaenda mbali hata ukiwatazama kutoka ufukweni unawaona wadogo. Sisi watoto tuliwafuata. Sheria ilikuwa moja tu: ukifunua jiwe, ulirudishe lilivyokuwa, upande ule ule, kwa sababu ni nyumba ya watu. Bibi aliwaita wote wale watu, kaa na kombe na koa. Niliwahi kuchapwa kwa ajili ya jiwe moja nililoliacha limelala chali.

Baba yangu hakuwa mtu wa pwani. Wazazi wake walitoka Rwanda zamani wakafika kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, naye akakulia huko, akawa fundi cherehani, akamwoa Mama. Vita vya Rwanda vilipokwisha, jamaa zake walianza kurudi, na yeye akaamua kurudi kwao, mahali ambapo hakuwahi kukaa hata siku moja. Nilikuwa na miaka tisa. Tulifika Gisenyi mchana, tukapokelewa mtaa wa Nengo, mlimani, nyumbani kwa shangazi yake Baba, na nilipotoka uani nikayaona maji chini yetu. Yalikuwa ya buluu, yana mawimbi, yana mchanga, na upande wa kusini sikuona mwisho wake.

Nikakimbilia ndani. "Mama, kumbe na huku kuna bahari!"

Mama alikuwa anafungua mizigo, machozi yanamtoka. Kigombe alikuwa amemwacha mama yake peke yake. "Ndiyo, mwanangu," akasema, bila kugeuka.

Nikalishika jibu hilo kwa miezi mingi, wala sikuona sababu ya kuuliza tena. Nilipoyaonja maji nikakuta hayana chumvi, nikasema ni kwa ajili ya mvua, maana mvua ya Gisenyi haijui kupumzika. Bibi alishatuambia kwamba Leso akitiwa maji ya mvua anakufa, kwa hiyo nikajua tu kwamba huku watakuwa wachache. Wiki zilipopita bila kuyaona maji yakipwa, nikasema bila shaka yanapwa nikiwa darasani. Mtoto akishaamua jambo, haishiwi sababu.

Shuleni sikuwa na kitu. Kinyarwanda changu kilikuwa cha mtoto wa miaka miwili, na Kiswahili changu, nilichodhani kitanisaidia, kilichekwa kuliko Kinyarwanda. Waliniita Mutanzania. Nilichokuwa nacho ni Leso peke yake, basi nikamtoa. Siku moja wakati wa mapumziko niliwaeleza wenzangu yote, rangi yake, anavyoogelea, mayai yake, na jinsi maji yanavyoondoka ili watu waende kumwona.

"Urabeshya!" wakapiga kelele, yaani unadanganya. Claude, mvulana aliyekuwa na sauti kuliko mwalimu, akasimama mbele yangu. "Maji inatoka? Inaenda wapi? Inaenda ku Goma?"

"Inakwenda mbali," nikasema.

"Na ku barrière inaonyesha laissez-passer?"

Walicheka mpaka kengele ikalia. Mpaka wa Congo, ile barrière ya kwenda Goma, ulikuwa palepale mwisho wa ufuko, na kila mtoto wa Gisenyi alijua jinsi askari wanavyokagua makaratasi ya kuvukia, kwa hiyo mzaha ule ulidumu wiki nzima.

Mmoja tu hakucheka. Aliitwa Vestine, tulikaa benchi moja. Mama yake aliuza sambaza sokoni, wale samaki wadogo wa Kivu wanaoanikwa juani mpaka wakauke, na nguo za Vestine zilikuwa na harufu yao. Wengine walisogea mbali naye. Mimi nilijisogeza, maana katika mji ule mzima hakukuwa na kitu kilichonukia nyumbani zaidi yake.

Vestine hakuniuliza habari za Leso. Aliuliza habari za maji, na aliuliza polepole, siku baada ya siku, swali moja moja.

"Maji ikitokaka, inabakisha nini?"

"Inabakisha kila kitu," nikamwambia. Nikamtajia nanga zilizopotea, sandali, chungu cha Bibi kilichodondoka kwenye ngalawa. Nikamwambia kuhusu mashua nzima iliyozama mwaka mmoja kabla hatujahama, na jinsi siku ya bamvua tulivyotembea kwa miguu mpaka ilipo, tukaingia ndani yake. Yote hayo yalikuwa kweli.

"Na mutu anaweza kutembea mpaka pale?" Tulikuwa tumesimama barabarani, njia ya kurudi nyumbani, naye alikuwa ananyoosha kidole katikati ya Kivu, mbali kabisa.

"Ikiwa bamvua kubwa, ndiyo," nikasema.

Katika yote niliyosema mwaka ule, hilo peke yake lilikuwa uongo niliojua ni uongo. Hata Kigombe hakuna aliyewahi kutembea umbali ule. Nililisema kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekuwa ananisikiliza namna ile, na sikutaka aache.

Nilijua Vestine hana baba. Sikumuuliza yuko wapi. Miaka ile karibu kila nyumba ilikuwa na mtu ambaye haikumzika, na watoto tulijifunza kutouliza mapema kuliko tulivyojifunza kusoma.

Mwishowe Claude akachoka na maneno. "Tuonyeshe basi," akasema. "Taja siku. Isipotoka, mpaka tumalize shule jina yako ni Bongo." Kwao bongo ni uongo.

Jioni ile nilimkuta Mama anachagua mawe kwenye mchele. "Mama, bamvua ni lini?"

Mikono yake ikasimama. Akatazama nje, akahesabu kwa vidole vile vile Bibi alivyokuwa akihesabu. "Jumamosi mwezi utakuwa kumi na sita," akasema. "Saa nne maji yatakuwa chini." Akatabasamu, na tangu tufike Gisenyi nilikuwa sijamwona akitabasamu mwenyewe, bila kutaniwa. "Bibi yako atakuwa mwambani saa hizo." Hakuniuliza nataka kujua kwa nini. Alidhani namkumbuka Bibi, naye akakaa kumkumbuka pamoja nami.

Jumamosi nilifika ufukweni mapema, na ndoo na kijiti. Claude alikuja na wengine watano. Asubuhi Kivu huwa limetulia, na siku ile lilikuwa limetulia kiasi kwamba hata Claude alipunguza sauti. Nilichomeka kijiti mchangani, pale pale maji yalipokomea, ili tuone yakianza kuondoka. Kisha nikaanza kutoa maagizo. Tutakwenda pamoja, hakuna kukimbia, kila jiwe litakalofunuliwa litarudishwa, na atakayemwona Leso asimguse mpaka nifike. Walinisikiliza. Nakiri kwamba nusu saa ile niliifurahia sana.

Ndipo Vestine akaja, na hakuja peke yake. Mama yake alikuwa amevaa kitenge cha kanisani na viatu vya kufunga, na mkononi alikuwa na shuka jeupe, jipya, bado lina mikunjo ya dukani. Nikafikiri amelileta tukalie. Nikaona ni mama mwema kuliko wote.

"Ni we Mutanzania?" akaniuliza.

"Ndiyo. Shikamoo."

Akanipa mkono kama anavyopewa mtu mzima. "Bonjour," akasema. "Ni saa ngapi yenye itatoka?"

"Saa nne."

Akaitikia kwa kichwa, akasogea kando, akasimama. Hakutandika shuka. Alilishika kwa mikono miwili, mbele ya tumbo.

Saa nne ikafika, tukaijua kwa kengele ya shule ya bweni iliyo jirani. Maji yalikuwa pale pale, na kijiti kilikuwa pale pale. Nikasema mwezi hauna saa ya ukutani, tusubiri. Tukasubiri. Claude akaanza kurusha vijiwe. Baadaye upepo ukaanza kutoka kusini, kama kawaida yake jua likipanda, na maji yakainuka. Badala ya kurudi nyuma yakasogea mbele, yakakizunguka kijiti, yakakilegeza, yakakibeba.

Unaweza kufikiri walivyocheka. Claude aligaagaa mchangani, hilo si la kutia chumvi. "Bongo! Bongo! Maji imekataliwa ku barrière!" Wakaondoka wakiimba, nami nikawafuata hatua chache nikiita, "Bado! Bado kidogo!" mpaka nikaona nimebaki nikiupigia kelele upepo.

Nilipogeuka, Vestine alikuwa amevua viatu na kuingia majini hadi magotini. Hakuwa anatazama mawe. Alikuwa anatazama mbali, pale pale aliponinyooshea kidole siku ile barabarani.

"Papa iko pale," akasema.

Akanieleza bila kulia. Baba yake alikuwa mvuvi wa sambaza. Wao huvua kwa mashua tatu zilizofungwa pamoja kwa miti mirefu, na upepo uliwakuta wakiwa mbali, ukavunja miti, mashua zikapinduka. Wenzake waliogelea mpaka wakaokolewa. Yeye hakuonekana. "Walimutafuta siku tatu," Vestine akasema. "Hatukukaa ata kilio. Mama alisema tumuone kwanza. Tumuzike, njo tukae kilio." Kwao kukaa kilio ni kukaa matanga.

Nikamtazama mama yake, nikalitazama shuka. Lilikuwa la kumfungia baba yake Vestine.

Sijui nieleze vipi nilichosikia. Aibu ndiyo neno, lakini nimeona aibu nyingi tangu hapo na hakuna iliyoifikia ile. Mimi nilikuwa nimewaita watu waje waone mdudu, na mtu huyu alikuwa amekuja kumchukua mume wake. Nilitamani maji yatoke kuliko nilivyowahi kutamani kitu chochote, na nilikuwa nimeshajua kwamba hayatatoka. Nikasema, "Labda kesho."

Mama Vestine alikuja akamshika mwanawe bega. "Tuende," akamwambia. Kisha akanitazama mimi. Nilingoja anizabe kofi, na ningelipokea kwa mikono miwili. "We pia, enda ku nyumba," akasema. "Mama yako atakutafuta."

Nilimweleza Mama yote nikiwa mlangoni, na ndoo bado mkononi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Lile ni ziwa, mwanangu," akasema. "Ziwa halipwi."

"Wewe ndiye ulisema ni bahari."

"Nilisema lini?"

Nikamkumbusha siku tuliyofika. Hakukumbuka, lakini aliketi. Baba akasema kutoka kwenye cherehani yake kwamba mtoto wa namna hii anastahili kiboko, na Mama akamjibu kwamba kiboko kitasubiri, kwanza tukaombe radhi. Pwani hatuendi kuomba radhi mikono mitupu. Mama alichukua sukari iliyokuwepo ndani, yote, akaifunga kwenye karatasi, akavaa baibui lake, tukateremka.

Tulimkuta Mama Vestine ameshavua kitenge cha kanisani, ameketi kwenye mkeka, anachambua sambaza. Vestine alikuwa karibu yake. Shuka sikuliona. Mama alisimama mlangoni, akaanza kusema kabla hajakaribishwa.

"Dada yangu, nimekuja kukuomba radhi. Huyu mtoto hakukusudia kukudanganya. Kwetu maji yanapwa kweli, na huyo mdudu wake yupo kweli. Ila hakujua kwamba hapa ni ziwa, na mimi mama yake sikumwambia. Kosa ni langu. Laiti ungejua, usingejisumbua kuteremka mpaka kule."

"Nilijua," Mama Vestine akasema.

Mama akashusha mkono wenye sukari.

"Mi nimezaliwa hapa. Mama yangu alizaliwa hapa. Kivu haitokake." Alikuwa bado anachambua samaki, wakubwa huku, waliovunjika kule. "Mutoto alikuja akaniambia, Mama, ku samedi maji itatoka, tutamuona Papa. Nikajua ni bongo. Njo nikaenda kununua shuka." Akainua uso. "We ungefanya nini? Ungebakia ku nyumba?"

Mama akavua kandambili zake, akaingia, akaketi kwenye mkeka pembeni ya sambaza, magoti kwa magoti na Mama Vestine, akaiweka sukari chini.

"Alikuwa anaitwa nani?" akauliza.

Mama Vestine akataja jina la ubatizo. Halafu akataja na lile la Kinyarwanda, alilopewa na baba yake. Mama akayarudia yote mawili, la Kinyarwanda akalikosea, akasahihishwa, akalirudia tena vizuri. Kisha akamshika mikono, mikono ile yenye magamba ya samaki, akampa pole kwa jina la marehemu, kama anavyopewa mtu aliyerudi kutoka makaburini siku hiyo hiyo. Mama Vestine akaanza kulia. Alilia kwa sauti, na Vestine akajibanza ukutani akimwangalia, nami nikajibanza pembeni yake.

Jirani akasikia, akaja akachungulia mlangoni, kitoto kimelala mgongoni. "Ni nini?" akauliza. "Kuko nini?"

Mama Vestine akajifuta uso kwa mgongo wa mkono.

"Ingia," akamwambia. "Tuko ku kilio."

Jirani akavua viatu, akaingia.